Kinyonga Mchanga Anapougua: Mwongozo Kamili wa Kutambua Dalili na Kuchukua Hatua

Kinyonga huficha ugonjwa. Porini, mnyama anayeonyesha udhaifu ndiye huliwa kwanza, na kwa sababu hiyo kinyonga mchanga ataendelea kushika tawi na kuzungusha macho hata kama amekosa maji kwa siku kadhaa au mifupa yake imeanza kulainika. Mfugaji anapogundua kwamba mnyama wake hayuko sawa, ugonjwa huwa umeshajikita, na kiumbe chenye uzito wa gramu chache hakina akiba ya kusubiri. Mwongozo huu unamhusu kinyonga tangu kuzaliwa au kuanguliwa hadi miezi 8 hivi, anayefugwa Nairobi, na unasimamia hoja moja: matatizo mengi ya umri huo huanzia kizimbani, yaani kwenye mwanga, joto, maji na chakula. Anayetaka kumtibu kinyonga hana budi kukikagua kizimba pamoja na mnyama mwenyewe. Dawa zina nafasi yake, na nafasi hiyo iko mikononi mwa daktari.

Kuna jambo la sheria ambalo haliwezi kurukwa. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kumfuga mnyamapori nchini Kenya kunahitaji kibali, na wa kuulizwa ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lenye makao makuu Barabara ya Lang'ata. Karibu vinyonga wote wamo pia katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vya porini. Kinyonga aliyeonekana kwenye ua wa Karen au Limuru aachwe pale pale. Mbali na kosa la kisheria, wa porini ndiye huja na vimelea tele tumboni na ndiye hugoma kula akifungiwa.

Jambo jingine la kuthibitisha mapema ni aina. Kinyonga wa pembe tatu, ambaye ni wa nyanda za juu za Kenya na huzaa watoto hai badala ya kutaga, hupenda baridi: mchana nyuzi 21 hadi 26 za Selsiasi, mahali pa kuota joto nyuzi 28 hivi, na usiku anaweza kustahimili nyuzi 12 bila tatizo akiwa mzima. Kinyonga wa Yemen na yule kinyonga chui wa Madagaska hutaga mayai na huhitaji joto zaidi, nyuzi 29 au 30 mahali pa kuota, na watoto wao wasiachwe usiku chini ya nyuzi 16. Anayemtunza wa pembe tatu kwa vipimo vya yule wa Yemen humchosha taratibu kwa joto, na anayefanya kinyume chake atapambana na magonjwa ya kifua kila ifikapo Julai.

Hatua ya kwanza: ujue uzima wake

Katika wiki za mwanzo, tenga dakika kumi kila asubuhi baada ya taa kuwaka, ukae hatua mbili kutoka kizimbani, utazame bila kumgusa. Kinyonga mzima hufungua macho muda mfupi baada ya mwanga kuja, hujivuta hadi penye joto, hugeuza ubavu kuelekea taa, na rangi yake huwa nzito hadi mwili upate moto, kisha hung'aa. Macho yamejaa na kutokeza, kila moja likitazama upande wake. Anapotembea, miguu humwinua hata tumbo lisiguse tawi, na ukijaribu kumwondoa kidoleni utahisi vidole vyake vikikataa kuachia. Kuyumba mbele na nyuma anapotembea, mithili ya jani linalopigwa na upepo, ni mwendo wake wa kawaida na mgeni asishtuke. Akiona nyenje, macho yote mawili huelekea mbele, mwili huinama kidogo, na ulimi hurudi na windo kwa jaribio la kwanza au la pili.

Usiku hulala akiwa amepauka na macho yamefumba. Macho yaliyofumba mchana ni habari nyingine: hiyo ni dalili ya ugonjwa, na pengine ndiyo muhimu kuliko zote. Usilichanganye tu na tendo la kusafisha jicho, ambapo kinyonga hulivimbisha, hulizungusha na kulifumba kwa dakika moja hivi ili kutoa vumbi, kisha hulifungua likiwa safi.

Kinyesi kina sehemu mbili: ile ya kahawia yenye umbo, na kipande kigumu cheupe ambacho ndicho mkojo wake. Kipande hicho ni kipimo kisicholipiwa. Kikiwa cheupe, au cheupe chenye ncha ya manjano, maji yanatosha; kikiwa cha rangi ya chungwa chote, mnyama ana kiu.

Nunua mizani ndogo inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Mpime mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, akiwa ameshika kijiti ulichokipima kwanza na kuirudisha mizani kwenye sifuri. Mtoto anayekua huongezeka wiki hadi wiki. Uzito ukisimama kwa wiki mbili, tafuta sababu. Ukishuka, usingoje wiki ya tatu. Andika katika daftari uzito huo, kiasi alichokula, kinyesi, siku alizojichuna ngozi, na tarehe ulipofunga kila taa, kwa kuwa daktari atakuuliza mambo hayo hayo na kumbukumbu ya kichwani huwa haina tarehe.

Hatua ya pili: kagua kizimba

Anza na mwanga. Kinyonga huhitaji mionzi ya UVB, ile sehemu ya mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, ili ngozi yake itengeneze vitamini D3, na bila vitamini hiyo utumbo haufyonzi kalsiamu hata ukimlisha kiasi gani. Taa ya kawaida ya nyumbani haitoi mionzi hiyo hata iwe kali vipi, na jua linalopita kwenye kioo cha dirisha limeshachujwa UVB, hivyo kizimba kilichowekwa dirishani kinapata joto na mwanga wa macho tu. Taa nzuri ni tyubu ndefu ya UVB inayotanda juu ya kizimba. Ibadilishwe kila baada ya miezi 6 hadi 12, kulingana na aina yake, hata kama bado inawaka, kwa sababu mionzi hufifia kabla ya mwanga unaoonekana kuisha.

Mkazi wa Nairobi ana bahati ambayo mfugaji wa London hana. Mji uko karibu kabisa na ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na jua la asubuhi ni tiba isiyonunuliwa. Mtoe kinyonga akiwa ndani ya kizimba cha wavu kwa dakika 20 au 30 kabla ya jua kuwa kali, nusu ya kizimba ikiwa na kivuli cha majani ili achague mwenyewe mahali pa kukaa. Usimtoe ndani ya sanduku la kioo, ambalo hugeuka tanuri kwa dakika chache, wala usimwache peke yake: kunguru, mwewe, paka wa jirani na siafu wote wanamjua.

Joto lipimwe kwa kipimajoto kilichowekwa pale mgongo wa kinyonga unapofika, maana kadirio la mkono halitoshi. Taa ya joto iwe nje ya wavu, mbali vya kutosha asiungue akipanda hadi juu kabisa. Mwezi wa Juni hadi Agosti, nyumba nyingi za Nairobi hushuka hadi nyuzi 13 au 14 usiku. Kwa mtoto wa Yemen tumia kipashio cha seramiki kisichotoa mwanga, kwani taa nyekundu ya usiku humnyima usingizi. Stima ikipotea, jaza chupa maji ya moto, uifunge kwa taulo na kuiegemeza nje ya kizimba, kisha funika pande tatu kwa shuka. Jiko la makaa lisiingizwe chumbani kwa hali yoyote: hewa yake ya sumu huua watu, sembuse kiumbe cha gramu kumi. Dawa za kupulizia mbu na zile za kuchoma ziepukwe pia katika chumba hicho.

Kuhusu maji, kinyonga hajui bakuli. Hulamba matone yaliyo juu ya majani, na huchukua muda kuanza, kwa hiyo kunyunyiza kwa sekunde tano na kuondoka ni sawa na kutomnywesha. Nyunyiza kwa dakika mbili au zaidi, asubuhi na tena alasiri mapema, au toboa kikombe cha plastiki kwa sindano, ukitundike juu ya mmea kidondoshe tone moja moja kwa saa nzima. Hata hivyo kizimba lazima kikauke kati ya mnyunyizo na mwingine. Kosa la msimu wa baridi ambalo wafugaji wengi hapa hulifanya kwa nia njema ni kukizungushia kizimba karatasi ya nailoni ili kihifadhi joto, kisha kunyunyiza maji jioni. Unyevu, baridi na hewa iliyosimama vikikutana, kifua hakichelewi kuugua.

Chakula kinahitaji mambo matatu: ukubwa, aina na unga wa madini. Mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya kinyonga. Watoto wadogo kabisa hula vijinzi vya matunda na watoto wa nyenje, mara mbili kwa siku, kadiri wanavyoweza. Funza wa nzi weusi wanaofugwa kwa ajili ya chakula cha kuku, ambao siku hizi wanapatikana kwa wakulima wengi wa pembezoni mwa jiji, wana kalsiamu nyingi kiasili na ni nyongeza nzuri, ilimradi ujue walikulia kwenye masalio safi. Nyenje wenyewe walishwe sukumawiki, karoti na boga siku moja kabla ya kuliwa, maana kinyonga hula pia kilichomo tumboni mwa mdudu. Usimkusanyie wadudu wa bustanini kiholela: wengine wamepuliziwa dawa, wengine wana vimelea, vimulimuli huweza kumuua, na yule mdudu mwekundu na mweusi wa msimu wa mvua, Nairobi flai, hubeba sumu ile ile inayobabua shingo zetu.

Unga wa kalsiamu usiwe na fosforasi. Hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu ukiingia duka la dawa za mifugo ukaomba kalsiamu ya kuku, huenda ukapewa DCP (dikalsiamu fosfeti), ambayo ina fosforasi nyingi na haimfai kinyonga. Tafuta kalsiamu kaboneti safi, au saga mfupa wa ngisi unaouzwa kwa ajili ya ndege hadi uwe laini kama poda. Nyunyizia wadudu kiasi kidogo karibu kila mlo wa kwanza wa siku. Ule wenye vitamini D3, na ule wa vitamini mchanganyiko wenye vitamini A, mara mbili kwa mwezi zinatosha. Kuzidisha vitamini ni ugonjwa mwingine, si ulinzi zaidi.

Mwisho, watoto wa tumbo moja watenganishwe mapema, kabla ya miezi mitatu, na wasionane. Mdogo anayetazamwa na mkubwa siku nzima huacha kula hata kama hajaumwa.

Hatua ya tatu: soma dalili

*Mifupa.* Huu ndio ugonjwa mkuu wa kinyonga mchanga. Kalsiamu ikipungua katika damu, mwili huichota kwenye mifupa ili moyo na misuli viendelee kufanya kazi, na mifupa inayokua kwa kasi ndiyo hulainika kwanza. Dalili za mwanzo ni ndogo na hupuuzwa kwa urahisi: ulimi hauendi mbali kama zamani, anakosa windo mara nne au tano, vidole vinatetemeka anaponyoosha mkono. Baadaye mkono hupinda katikati, pale pasipo na kiungo, na anapotembea viwiko hutokeza juu huku tumbo likikokota. Taya hulainika hata mdomo usifunge sawasawa, ile kofia ya kichwa, yaani mfupa uliochomoza utosini, hupinda upande, na mwishowe huanguka na kubaki sakafuni.

Ukiona mojawapo, rekebisha taa siku hiyo hiyo, shusha matawi yawe karibu na chini, tandika kitambaa laini, na umguse pale tu unapolazimika, ukimwacha apande mkononi mwenyewe badala ya kumshika mbavu. Usimfungue mdomo kwa nguvu kumpa chochote, kwa sababu taya laini huvunjika. Kisha mpeleke kwa daktari, ambaye anaweza kupiga picha ya eksirei na kuamua kipimo cha kalsiamu ya kumeza au ya sindano. Mfupa uliokwisha kupinda haunyooki wote, lakini hukauka na kupata nguvu, na kinyonga mwenye mkono uliopinda huweza kuishi vizuri ikiwa ugonjwa umesimamishwa mapema.

*Ukosefu wa maji.* Macho huzama ndani ya vifuniko vyake, ngozi ya ubavuni hukunjamana, na mkojo huwa wa rangi ya chungwa. Ikiwa bado ana nguvu, mweke juu ya mmea bafuni na uuache mnyunyizo mwembamba wa maji vuguvugu uigonge ukuta ili matone yarukie majani kwa dakika 15 hadi 20. Utaona koo likipanda na kushuka taratibu, hapo anakunywa. Usimmiminie maji mdomoni: tundu la hewa liko mbele, karibu na shina la ulimi, na maji ya kulazimishwa huishia mapafuni. Macho yakibaki yamezama kesho yake ingawa amekunywa, tatizo limevuka maji, na laweza kuwa la figo.

*Kifua.* Kinyonga mwenye maambukizi ya mapafu hupumua mdomo wazi, huinua pua juu kama anayetafuta hewa, hutoa sauti ndogo za kupasukapasuka, na wakati mwingine mapovu au ute huonekana kwenye ukingo wa mdomo. Lakini mdomo wazi una maana zaidi ya moja, na ndipo wengi hukosea. Akiwa chini ya taa, amepauka na amefungua mdomo, anaungua na joto: ondoa taa mbali na mdomo utafungwa ndani ya dakika chache. Akifungua mdomo akikutazama, amejipanua na kutoa mlio wa kufoka, amekasirika. Akifungua mdomo asubuhi mwili ungali baridi, au akiwa kivulini bila wa kumtisha, huo ni ugonjwa. Pandisha joto la mchana kwa nyuzi mbili ndani ya mipaka ya aina yake, acha kunyunyiza maji jioni, ruhusu hewa ipite, na umwone daktari siku hiyo au kesho yake, au mara moja akitoa mapovu. Maambukizi haya huhitaji antibiotiki zilizopimwa kwa uzito. Amoksilini ya binadamu iliyosagwa na kukadiriwa kwa jicho humpotezea muda ambao hana.

*Macho na mdomo.* Jicho moja lililovimba huwa na uchafu au jeraha, na mnyunyizo mrefu wa maji vuguvugu huweza kumsaidia alisafishe mwenyewe ndani ya siku moja. Macho yote mawili yakivimba au kufumba, fikiria upungufu wa vitamini A, taa ya UVB iliyo karibu mno, au ugonjwa wa mwili mzima. Uvimbe kwenye mstari wa mdomo, au ute mzito wa manjano unaofanana na jibini, ni maambukizi ya kinywa, hauchokonolewi nyumbani.

*Tumbo.* Kinyesi chepesi chenye harufu kali, hamu ya kula isiyoleta uzito, au mabaki ya chakula kisichosagwa huashiria vimelea, ambavyo huonekana kwa darubini pekee. Kutokupata choo kwa siku nyingi huku tumbo likijaa, kwa mtoto anayekula kila siku, mara nyingi hutokana na wadudu wakubwa kupita kiasi, ukavu, au joto lisilotosha kusaga chakula.

*Ngozi.* Watoto hujichuna ngozi mara kwa mara, vipande vipande, na rangi hufifia siku moja kabla. Usivute. Kagua tu vidole na ncha ya mkia baada ya siku mbili, kwa kuwa pete ya ngozi iliyobaki pale hukaza na kukata damu. Ongeza unyevu, na ikibidi ilainishe kwa pamba yenye maji vuguvugu. Doa jeusi au la kijani kibichi lisilobadilika mgongoni au kwenye kofia ya kichwa, siku chache baada ya kukaribia taa, ni jeraha la moto. Uvimbe laini kama mkufu shingoni mara nyingi huonyesha kwamba vitamini zimezidishwa, ingawa figo nazo huweza kuwa chanzo.

Neno la ziada kwa wenye kinyonga jike wa Yemen: anaweza kubeba mayai akiwa na miezi 5 au 6 hata bila dume. Akianza kuzunguka sakafuni bila kutulia na kukwarua, mpe chombo chenye mchanga mnyevu wa kina cha sentimita 20 au zaidi, umfunike asionekane. Asipotaga na akadhoofu, hiyo ni dharura.

Hatua ya nne: amua lini usisubiri

Yako mambo ambayo hayana "tuone kesho": kuanguka na kushindwa kupanda tena, degedege, macho kufumba mchana kutwa, mapovu mdomoni, ulimi uliotoka usirudi, utumbo uliotokeza nyuma, kiungo kilichovunjika, jeraha la moto, na mtoto wa chini ya miezi mitatu aliyekataa kula kwa siku mbili. Katika hali hizo kizimba kirekebishwe ukiwa umeshapiga simu.

Madaktari wengi wa mifugo Nairobi wamezoea mbwa, paka, ng'ombe na kuku, kwa hiyo uliza kabla ya kwenda: je, amewahi kutibu mtambaazi, ana mizani ya gramu, anaweza kupima kinyesi kwa darubini, na kama sivyo, anamjua nani? Kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete na ni mahali pa busara pa kuulizia. Hakikisha pia kwamba unayemwendea amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Tafuta daktari huyo kabla mnyama hajaugua. Kumtafuta saa mbili usiku huku kinyonga amelala ubavu ni kazi ngumu.

Kwa safari, chukua kasha dogo lenye matundu, tandika karatasi ya jikoni, na uweke kijiti kimoja kilichobanwa kisitikisike. Likae mapajani, si kwenye buti la gari, na kwenye matatu uketi mbali na dirisha lililo wazi. Giza humtuliza kinyonga, na humtuliza pia abiria wa jirani, maana wapo wengi mjini humu wanaoamini kwamba kinyonga ana sumu au analeta mkosi. Sumu hana. Beba kinyesi cha siku hiyo ndani ya karatasi nyevu na mfuko, mahali pa baridi, daftari lako, picha ya kizimba na ya boksi la taa, na video fupi ya namna anavyopumua, kwa sababu akifika kliniki huenda akaficha kila kitu.

Kuhusu duka la dawa za mifugo, ushauri wangu ni mkali: usinunue ivermekitini, oksitetrasiklini wala dawa ya minyoo ya kuku kwa kubahatisha. Chupa zile zimetengenezwa kwa wanyama wa makumi au mamia ya kilo, na tone moja lililozidi kwa mnyama wa gramu 15 laweza kuwa la mwisho.

Hatua ya tano: kumuuguza nyumbani

Mwombe daktari akuonyeshe kwa vitendo namna ya kutoa dawa, halafu ufanye wewe mbele yake. Njia tulivu zaidi ni kuweka tone la dawa juu ya mdudu, au kwenye ukingo wa mdomo anapolamba maji. Ikibidi kufungua mdomo, na daktari amethibitisha kwamba taya ni imara, vuta taratibu ngozi ya chini ya kidevu, subiri afungue mwenyewe, na uweke tone upande wa shavu, si katikati. Toa dawa baada ya mwili kupata joto, kamwe si asubuhi ya baridi. Maliza siku zote ulizoandikiwa hata kama ameanza kula siku ya tatu, na umnyweshe vizuri zaidi katika kipindi hicho, kwani baadhi ya dawa huzielemea figo.

Kizimba cha mgonjwa kiwe na vitu vichache: karatasi ya jikoni sakafuni inayobadilishwa kila siku, matawi machache ya chini, mmea mmoja, taa zake zote mbili, na shuka upande unaopitiwa na watu. Nyenje wasioliwa waondolewe jioni, kwa sababu usiku humng'ata mnyama aliye dhaifu. Vyombo vyake visichanganywe na vya vinyonga wengine, na mtunze yeye mwisho baada ya wazima. Kila anayemgusa anawe mikono kwa sabuni, na watoto wa chini ya miaka mitano wasimshike, kwa kuwa watambaazi hubeba bakteria wa salmonela hata wakiwa wazima.

Akifa licha ya yote na wapo ndugu zake waliokulia pamoja, mfunge ndani ya mfuko, umweke kwenye friji mahali pasipo na chakula, bila kumgandisha, na uombe apasuliwe kuchunguzwa mapema iwezekanavyo; matokeo hayo ndiyo yatakayosema kama waliobaki wanahitaji dawa au taa mpya. Akipona, mpime uzito kila baada ya siku tatu badala ya wiki, rudisha matawi ya juu kidogo kidogo kadiri mshiko wake unavyorudi, na kwa ugonjwa wa vimelea peleka kinyesi kingine wiki mbili hadi tatu baada ya dozi ya mwisho, kwa kuwa mayai ya baadhi ya minyoo huponyoka dozi ya kwanza.